Kiti Namba Mbili na Ndama za Kalengera

Tangu nirudi Goma, kila mutu ninayekutana naye kando ya ziwa ananiuliza swali moja: ni kweli ulipigwa na ndama? Hapana. Ndama hawakunipiga. Walinikanyaga, ni kitu tofauti, na walikuwa saba. Ndugu yangu anasema walikuwa watatu, lakini yeye aliwahesabu akiwa amesimama. Mimi niliwahesabu nikiwa chini yao.

Basi ninaandika yote mara moja, nisije nikasimulia mpaka sauti ikauke. Nitafuata njia hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa katika masomo ya jioni, ambako nilipata diploma nikiwa na miaka thelathini na mbili na ndevu nyingi kuliko za mwalimu. Mambo ya karatasi na ya vizuizi vya barabarani nitayaruka. Kila mutu wa hapa anayajua, na hayajawahi kumuchekesha yeyote.

Goma, kabla ya kuondoka

Asiyejua klabu yetu ya makasia ajue hivi. Tuna boti moja ya mbao, nyembamba kama subira ya kapiteni wetu. Ndani wanakaa wavutaji wanne, kila mumoja na kasia yake, wakiwa wamepa mugongo kule boti inakokwenda. Nyuma kabisa anakaa mutu wa tano, anawatazama wale wanne usoni, anashika usukani na kupiga kelele. Huyo tulikuwa tunamwita "muzigo wenye mudomo", na kiti chake tulikuwa tunamupa mutu yeyote mwepesi aliyepita karibu. Mimi nilikuwa wa kiti namba mbili. Nilikipenda kiti hicho kama wengine wanavyopenda nyumba yao.

Tuna pia mashine moja, iko ndani ya hangari. Unakaa juu ya kikalio chenye magurudumu, unafunga miguu, unavuta munyororo, na kioo kidogo kinakuambia bila huruma umevuta mita ngapi. Kwenye mashine hiyo ndipo Kapiteni Bahati anapohukumu watu.

"Unaenda siku ngapi?" akaniuliza.

"Siku sita, kapiteni. Mudogo wangu Innocent anaenda kuposa kule Kalengera. Miye njo mukubwa wake, siwezi kukosa."

"Sawa. Samedi ya pili utavuta mètre deux mille. Patrick naye atavuta. Mwenye atatangulia, kiti ni yake."

Yaani mita elfu mbili, jumamosi ya pili. Patrick alikuwa mutu wetu wa akiba. Ni fundi wa kuchomelea, murefu, mukimya, halali kama hajakimbia. Alinitakia safari njema kwa furaha ambayo haikunifurahisha.

"Na usilete visababu," kapiteni akaongeza. "Mashine haisikie Kifaransa wala Kinyarwanda."

Nikaenda nyumbani, nikachukua mupira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga kiunoni chini ya shati. Mawazo yangu yalikuwa mazuri sana: kila mahali kuna nguzo, na penye nguzo mupira unafungwa, unavutwa. Hiyo ndiyo ingekuwa mashine yangu ya safari.

Goma mpaka Rumangabo

Tulikuwa watu watatu: mimi, Innocent, na Muzee Gervais, ndugu mudogo wa marehemu baba yetu. Kwetu familia haiposi kwa mudomo wa bwana harusi. Inatafuta mutu mwenye maneno, na upande wa binti nao wanatafuta wa kwao, halafu hao wawili wanapigana kwa mafumbo mbele ya watu wote mpaka mumoja ashindwe kujizuia kucheka. Muzee Gervais alikuwa mutu wetu wa maneno. Njiani kote hakusema kitu. Alikuwa anayatunza.

Tulipanda lori lililokuwa limeleta kabichi Goma na sasa lilikuwa linarudi Rutshuru na harufu ya kabichi peke yake. Lilitembea vizuri mpaka Rumangabo, kisha likakohoa, likalala. Dereva akaingia chini yake, tukaona miguu tu. Saa ikapita, na ya pili, na ya tatu.

Nikasema, hapa ndipo Patrick anaponipita. Nikazunguka nyuma ya lori, pasipo watu, nikaanza kuchuchumaa na kusimama, kuchuchumaa na kusimama, maana nguvu ya kasia inaanza mapajani. Nilipofika arobaini hivi, nikamuona mama mumoja mwenye beseni la mahindi ya kuchemsha. Ananitazama kwa uchungu kabisa.

"Papa, ilianza lini?"

"Nini, mama?"

"Tumbo."

"Si tumbo, mama. Ni sport."

"Bote banasemaka vile," akajibu, akaondoka haraka.

Alirudi na kikombe cha maji ya mubirizi, majani machungu kuliko habari mbaya. Nikakataa. Akamuita Muzee Gervais. Muzee, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mudomo, akatumia maneno matatu kati ya yale aliyoyatunza:

"Kunywa. Usitupatishe haya."

Nikanywa. Ile dawa ni ya kufungia tumbo. Tumbo langu halikuwa wazi, kwa hiyo dawa ilifunga kilichokuwa kimefungwa tayari, na habari za siku tatu zilizofuata nazo nitaziruka.

Kalengera: kutafuta kuchoka

Kwa akina Solange, muchumba wa Innocent, ni mulimani juu ya Kalengera, wafugaji wa ng'ombe tangu zamani. Tulifika tukidhani kesho yake ni siku ya maneno. Wakatupokea vizuri, tukala maharagwe na viazi mpaka mukanda ukalalamika, kisha tukaambiwa:

"Mujomba wa mutoto iko Vitshumbi. Pasipo yeye hatukae. Muende mumulete."

Gari la Vitshumbi halikupatikana siku hiyo, wala kesho yake. Siku sita zangu zikaanza kuharibika mbele ya macho yangu. Nilifunga mupira kwenye muti, muti ukawa na mwenyewe, nikafukuzwa. Nikafunga kwenye nguzo ya baraza la duka, nguzo ikaanza kunifuata. Ndipo nikaona chukudu.

Kwa musomaji wa mbali: chukudu ni pikipiki yetu ya mbao, haina injini wala kiti. Kwenye muteremuko inabeba muzigo na mwenyewe, kwenye mupando mwenyewe anaisukuma akijuta. Hii ilikuwa na gunia tatu za makala, yaani makaa ya kupikia, na mwenyewe alikuwa amesimama chini ya mupando, anautazama kama mutu anayetazama mashitaka.

"Ndugu, nipe nikusukumie," nikasema.

Akanipima kutoka kichwani mpaka viatu.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nataka nichoke tu."

"Huku watu banalipwa juu bachoke."

"Miye nachoka bure."

Akanionyesha miguu kwa kidole. "Basi acha viatu yako hapa."

Hivyo nikapanda Kalengera miguu mitupu, nikisukuma makala ya mutu, na mwenye makala akija nyuma yangu amebeba viatu vyangu mukononi, tayari kwa lolote. Nilipofika juu nilikuwa mweusi kama gunia lenyewe. Akanirudishia viatu, akanipa mukono.

"Kesho niko na ingine sita," akasema. "Kuya asubuhi."

Vitshumbi

Siku ya nne gari likapatikana, na jioni tukafika Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, ambako ziwa linanuka samaki na watu wananuka ziwa. Mujomba, kwa jina Fidèle, hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anangojea samaki wake wakauke. Alitulisha tilapia wa kukaanga, na bugari, ndiyo ugali wetu, na tena tilapia. Ndege wale warefu wenye upara, marabu, walisimama nyuma yetu kama wajomba wengine waliokosa viti.

Mimi nilikuwa na furaha moja: hapa kuna maji, kuna mitumbwi. Asubuhi nikamuomba Papa Kambale, muvuvi jirani wa mujomba, anipe kasia anikubalie niende naye. Akakubali. Nikaingia, nikakaa kama ninavyokaa siku zote, nikapa mugongo kule tunakoenda.

Papa Kambale hakuondoa mutumbwi.

"Juu ya nini unakaa vile?"

"Njo namna ya kwetu, papa. Mutu anapa mugongo kule anaenda. Anavuta vizuri zaidi."

"Na kiboko ikikuwa mbele?"

"Kuko mutu nyuma, yeye njo anaangaliaka."

"Anavutaka?"

"Hapana. Anakaa tu, anasema."

Papa Kambale akatikisa kichwa polepole, kama mutu aliyeelewa jambo. "Basi ule njo mukubwa. Benye kubakia muko injini."

Niliumia, lakini nilikuwa mugeni. Nikavuta kwa nguvu zangu zote ili nimuonyeshe. Kasia yao ni fupi, haifungwi popote, na mutumbwi wake ulikuwa na mawazo yake. Tulizunguka duara moja, kisha la pili. Marabu mumoja aligeuka akaenda zake. Mwishowe Papa Kambale akaninyang'anya kasia kwa upole, kama unavyomunyang'anya mulevi funguo, akatufikisha ng'ambo ya nyavu bila kutoa hata jasho.

Samaki walikauka siku yetu ya tatu pale.

Mulimani: siku ya maneno

Tulirudi Kalengera siku ya munane, mercredi, na maneno yakapangwa kesho yake, jeudi, mchana. Samedi ndiyo siku ya mashine. Nilijipima kwa vidole: tumbo lilikuwa limeongezeka, mikono ilikuwa imelegea, na katika kichwa changu Patrick alikuwa anavuta, anavuta, hata mukate hali.

Kwa hiyo jeudi alfajiri niliamuka kabla ya wote, nikatafuta nguzo. Pembeni ya nyumba kulikuwa na kibanda kidogo, na mulangoni mwake muti munene ulipita kwa ulalo, imara kabisa. Nikasema, Mungu anajua mahitaji ya watu wake. Nikafunga mupira, nikakaa chini, nikakaza miguu kwenye jiwe, nikaanza kuvuta. Ilikuwa tamu. Nilivuta thelathini, hamsini. Nilipofika themanini nikasikia kwa ndani pumzi ya mutu anayenisaidia kuhesabu.

Mutoto wa mufugaji yeyote angejua kibanda kile ni cha nini. Na mimi ni mutoto wa wafugaji. Ila wazazi wangu walishuka Goma nikiwa bado mugongoni, na tangu hapo maziwa ninayajua kwa kopo. Ndama wanatengwa na mama zao usiku kucha ndani ya kibanda kama kile, ili asubuhi wenye nyumba wakamue kwanza. Muti ule wa ulalo ndio mulango wao.

Kwenye mia moja muti ukachomoka. Nilikwenda kinyumenyume na muti wangu, na ndama wakapita juu yangu, mumoja nyuma ya mwingine, kwa heshima ndogo sana, moja kwa moja mpaka kwa mama zao. Nilipopata pumzi ya kuita, walikuwa wamekwisha kunyonya, mikia yao inacheza.

Siku ya maneno, wageni wote lazima wapewe maziwa. Nyumba ya wafugaji isiyo na maziwa siku kama hiyo ni kama kanisa lisilo na Biblia. Na maziwa yote ya asubuhi yalikuwa ndani ya matumbo ya ndama.

Walitoka wote. Innocent alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Mwisho bibi ya Solange akatoka, mwanamuke mudogo, mukavu, wote wanamuita Nyogokuru, yaani bibi. Akatazama ndama, akatazama muti, akatazama mupira mikononi mwangu.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamueleza. Boti, kiti namba mbili, mashine, Patrick. Nilisema yote, maana nilikuwa na hofu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Unavuta mbele na nyuma?"

"Ndiyo, nyogokuru."

"Kuya."

Ndani alikuwa na kibuyu kikubwa kama mutoto wa miaka mitatu, kile tunachokiita igisabo, kimejaa maziwa ya siku zilizopita yaliyoganda. Yakisukwa, yaani yakitikiswa mbele na nyuma, siagi inatoka, na yanayobaki ni maziwa mazuri ya kunywesha wageni. Shida ni kwamba wanawake wote walikuwa kwenye moto wa chakula. Shida nyingine ni kwamba kwetu mwanaume anakamua, mwanamuke anasuka. Mwanaume kushika igisabo haijaonekana.

"Leo itaonekana," akasema Nyogokuru, akanikalisha juu ya mukeka, miguu mbele, kibuyu mapajani.

Ndugu zangu, ilikuwa mashine yenyewe. Sukuma mbele, vuta nyuma, mugongo unafuata. Nikafurahi, nikaanza kwa mwendo wa mashindano. Kibuyu kikajaa hewa, kizibo kikaruka, maziwa yakanipata usoni. Nyogokuru akanipiga begani kwa unyasi.

"Unapigana nayo juu ya nini? Maziwa haikukukosea."

"Ninataka iishe haraka, nyogokuru."

"Siagi haitafutwe na mbio. Peleka. Halafu uache irudi yenyewe. Usiifuate." Akaanza kuyasemesha maziwa kwa sauti ya chini, kila neno kwa mwendo wake: "Enda. Rudi. Hakuna mwenye anakufukuza. Enda. Rudi. Hakuna mwenye anakufukuza."

Nilisuka kwa masaa manne. Innocent anasema ni moja na nusu. Watoto walikuja kuchungulia, kisha wanawake, kisha mujomba Fidèle aliita jirani. Mimi nilikuwa ninasema yale maneno bila kujua ninayasema, na wakati fulani mikono iliacha kuuma. Ndani ya kibuyu sauti ikabadilika, ikawa nzito. Nyogokuru akaingiza unyasi kwenye tundu, akautoa una mafuta.

"Imekuya," akasema tu.

Mchana wakakaa, upande huu na upande ule. Tulisali, kisha mutu wao wa maneno akasimama. Alikuwa munene, na nilijua kabla hajaanza kwamba maneno yatakuwa juu yangu.

"Hawa wageni wanasema wanatafuta ua katika boma letu. Sawa. Lakini leo asubuhi mumoja wao ametufungulia ndama. Niwaulize: mutu asiyeweza kulinda muti wa mulango, tutamupaje mutoto alinde?"

Watu wakaguna. Innocent alikuwa anatazama viatu vyake. Muzee Gervais akasimama polepole. Siku tisa alikuwa ametunza maneno, na sasa akafungua.

"Baba, ni kweli ndama wametoka. Nani aliwatoa? Mukubwa wa bwana harusi. Na nani alisuka maziwa munayoyashika mukononi? Ni yeye. Semeni ninyi wenyewe: kama kwetu wakubwa ndio wanaosuka, binti yenu akifika si atakaa tu anajipaka siagi?"

Mutu wao wa maneno alishika kinywa. Mabega yakaanza kutikisika, na akashindwa. Nyogokuru ndiye aliyecheka mwisho na kwa muda murefu. Solange akaletwa.

Baada ya hapo kila mama alinijia na kikombe. Kukataa maziwa siku hiyo, na hasa mimi, haikuwezekana. "Kunywa," waliniambia, "ndama walishiba, weye pia ushibe." Nilikunywa kuliko ndama wote saba.

Kurudi Goma, na samedi

Tulifika Goma kesho yake, vendredi, jioni. Samedi asubuhi nilikuwa kwenye hangari, na kilo nne za Kalengera zilikuwa pamoja nami.

Patrick alivuta wa kwanza. Alivuta kama mutu anayedai haki yake, na alipomaliza kapiteni akaandika ukutani. Kisha mimi. Mita mia tano za kwanza nilimupita, mashahidi wapo. Kwenye mia nane yale maziwa yalikumbuka kwamba yapo. Kwenye elfu moja tilapia nao wakakumbuka. Nilimaliza nimelala juu ya mashine kama nguo iliyosahaulika.

Sekunde kumi na moja nyuma. Hata mimi siwezi kuzipunguza kwa kusimulia.

"Patrick, namba mbili," akasema kapiteni. Hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi. Niliweka kitambaa begani, nikaanza kutafuta viatu.

"Unaenda wapi? Mwenye usukani iko na malaria. Ingia nyuma, boti isimame sawa."

Muzigo wenye mudomo. Nikaingia, nikakaa, nikawatazama wanne usoni kwa mara ya kwanza. Patrick alikuwa kwenye kiti changu, amekunja uso, anataka kukithibitisha kiti kwa nguvu. Wakaanza. Kila mumoja alikuwa na mbio zake, makasia yakagongana, boti ikatetemeka. Nikafungua mudomo niwatukane kama desturi, na sijui namna gani, yakatoka yale mengine.

"Enda. Rudi. Hakuna mwenye anakufukuza."

Wakacheka. Patrick alitaka kuacha kuvuta. Lakini mudomo wangu ulikuwa umekwisha kuanza, na ukizoea masaa manne huwezi kuacha kwa kuchekwa. Enda. Rudi. Hakuna mwenye anakufukuza. Uso wa Patrick ukakunjuka kidogo. Baadaye nikasikia makasia manne yanaingia kwa sauti moja, na chini ya mbao maji yakabadilika, yakawa mazito, kama ndani ya kibuyu.

Tuliporudi, Kapiteni Bahati alikuwa amesimama juu ya mawe, filimbi mukononi, hajaipuliza hata mara moja.

"Ile maneno ulitoa wapi?"

"Kwa nyogokuru wa shemeji, kapiteni. Ni ya kusukia maziwa."

Akaitia filimbi mufukoni.

"Samedi yenye kuya, utakaa pale pale," akasema. "Lakini upunguze kilo nne."

Basi ninyi mulioniuliza, hayo ndiyo yaliyotokea. Nilivuta mupira, nilisukuma makala, nilisuka maziwa, safari nzima nilifanyisha mikono mazoezi, na kiti nimekipata kwa mudomo, ambao haukuwahi kupumzika hata siku moja. Kila asubuhi wanne wanavuta wakinitazama, na Patrick yuko mbele ya macho yangu. Ni mimi peke yangu ninayeona kule tunakoenda. Mpaka leo sijaona kiboko.